Mkono wa Shoto

Sib, Julai. Saa kumi na mbili asubuhi na lami imeshaanza kunuka.
Mipira naifunika kwa taulo bichi,
maana ukiiacha wazi hadi saa tatu
inaunguza kiganja kama kikaango.
Watoto kumi na tisa. Filimbi moja, inayokohoa.
Kiyoyozi cha ukumbi kilikufa tangu Juni,
na fundi, kila nikimpigia, yuko njiani.

"Macho mbele!" nawaambia.
"Mpira si mbuzi, hautapotea ukiacha kuutazama."
Kiarabu changu cha uwanjani kina matundu,
nami nayaziba kwa Kiswahili: moja, mbili, ruka.
Kufikia siku ya tatu hata Murad, Mbulushi wa Khoud,
anahesabu hivyo hivyo, moja, mbili,
na akikosa anasema "lo!"
ambayo sikumfundisha.

Mimi nilijifunzia Mkunazini,
juu ya sakafu ya saruji, ringi bila wavu,
tukibishana kila mtupo: umeingia au umepita kando?
Hapa wavu upo, mweupe, unasema wenyewe.
Hakuna ugomvi. Siku nyingine naukosa.

Wiki ya pili ni ya mkono wa kushoto.
"Wa kulia ushike fulana, nyuma, usiachie.
Hatua mbili, goti juu, mpira ubaoni kwa shoto."
Basi ikawa vichekesho: mpira unakwenda kwenye magari,
mpira unampiga Haitham sikio,
mpira unapita juu ya ubao kama una safari zake.
Yakdhan peke yake hajaribu.
Miaka kumi na moja, miguu imeutangulia umri,
viatu vya kaka yake vimejazwa soksi.
"Bibi kasema wa shoto si wa kupokelea kitu."
"Hicho ni chakula," namjibu. "Mpira si wali."
Akafikiri. "Na salamu?"
"Salamu pia. Lakini ringi huisalimii."
Akacheka nusu. Akajaribu. Hata ubao hakuugusa.

Nikamtupia tena. Na tena.
Siku nne, kabla wenzake hawajashushwa na baba zao,
hatua mbili, goti, shoto,
nami chini ya ringi na goti langu bovu
naokota alichokosa, kama mpagazi.
Sikumwambia maneno mazuri. Sina.
Nilimwambia: kiwiko. Nilimwambia: vidole, si kiganja.
Nilimwambia: tena.

Alhamisi ya mwisho wazazi walikuja na chupa za kahawa.
Bibi yake alikaa kiti cha plastiki karibu na mstari,
kanga chini ya abaya, pindo likichungulia.
Yakdhan akaja kwa upande wa kushoto, moja, mbili,
akautuma mpira kwa mkono ule.
Ukazunguka ringi. Ukazunguka. Ukatoka nje.

"Umeingia!" Bibi akapiga kelele,
Kiswahili cha Wete kitupu, "mbona nimeuona!"

Nikasogea kumtaka radhi, kwa ajili ya shoto.
Akanikata kauli.
"Mwalimu wa chuo alinifunga huu," alisema,
"kwa ukindu, mwaka mzima,
hata nikajua kuandika kwa ule mwingine."
Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu
anayetaja bei ya zamani ya sukari.
Halafu akanipa tende, kwa kulia, kama ipasavyo,
na huku wa kushoto umeshaupata mpira
uliobingirika hadi miguuni pake,
unaudundisha, taratibu, mara tatu, mara nne,
macho yake mbele,
anamtazama mjukuu.